Kibati cha Wino, Ofisini na Nyumbani

Yako mambo ambayo thamani yake haitambuliwi mpaka siku yaharibikapo, na wino wa muhuri ni mojawapo. Mke wa askari anafika shuleni Rumonge mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mtoto mkononi, na hati ya kuzaliwa ya mtoto huyo ndani ya bahasha. Karani anaifungua, anaitazama, anaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha anasema kwa upole, "Mama, kashe hii haisomeki." Jina la mtoto limo, sahihi ya mkuu wa tarafa imo, tarehe imo, lakini mahali pa duara lenye jina la tarafa pana waa la zambarau kama tunda lililopondwa. Mama hana la kujibu. Hakuupiga yeye muhuri ule, wala hakuchagua wino wake, lakini yeye ndiye atakayerudi tarafani, apange foleni upya, na pengine aambiwe aje kesho.

Familia za askari na polisi zinaijua adha hii kuliko nyingine, kwa sababu maisha yao ni ya kuhamahama na kila uhamisho hudai karatasi. Baba anatoka Rumonge kwenda Gitega au Kirundo. Mtoto anabadili shule. Ndoa, uzazi, matibabu na msiba, yote husemewa na karatasi iliyogongwa muhuri. Katika miaka ambayo askari wa Burundi walikuwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, kuanzia Desemba 2007, wake waliobaki nyumbani walilazimika kuzishughulikia peke yao hati ambazo hapo awali zilikuwa kazi ya mume. Tena tangu mwaka 2006, watoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali nchini Burundi, na umri wa mtoto hauthibitishwi kwa kiapo cha mama yake, huthibitishwa kwa karatasi.

Kibati chenyewe ni kitu duni kukitazama. Ni kisanduku bapa cha bati au plastiki, chenye kifuniko cha bawaba, na ndani yake mna kitambaa kizito au sponji iliyonyonya wino. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi hukiita pedi. Katika ofisi za mwambao wa Burundi, ambako Kifaransa kiliacha maneno mengi, kinaitwa tampo, na muhuri ni kashe. Jina lolote litumikalo, kazi ni moja: kuupa mpira wa muhuri wino wa kiasi kile kile kila unapoguswa, usizidi wala kupungua.

Muhuri wa mpira si kitu cha kale sana. Mpira mbichi hulegea kwa joto na kukakamaa kwa baridi, na haukufaa kubeba herufi mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua, mwaka 1839, namna ya kuupika pamoja na salfa ukabaki imara. Rangi nayo ilikuja mwaka 1856, pale kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini mjini London kutokana na lami ya makaa ya mawe, akapata badala yake rangi ya zambarau. Rangi za ukoo huo zilizofuata zilikuwa kali, rahisi na zenye kuyeyuka vyema, na hivyo zambarau ikawa rangi ya ofisi takriban duniani kote. Ilidumu kwa sababu nzuri. Maandishi ya mashine ni meusi, na muhuri wa zambarau au wa buluu uliopigwa juu yake huonekana wazi. Na zilipoenea mashine za kunakili, rangi hiyo ikawa njia nyepesi ya kuipambanua hati ya asili na nakala yake.

Urundi yenyewe ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1916, Wabelgiji walipoitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani, stempu za posta za Kongo ya Kibelgiji ziligongwa juu yake neno URUNDI, na nyingine RUANDA. Stempu hizo zimeigizwa sana na walaghai, na mpaka leo wakusanyaji huzichungulia kwa kioo cha kukuza, wakitazama umbo la herufi na jinsi wino ulivyolala juu ya karatasi, kabla ya kuamua kama ni za kweli.

Sasa tuje kwenye wino, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Anayekwenda dukani husema tu, "Nipe tampo," kana kwamba tampo zote ni moja. Wino wa kawaida wa ofisi ni rangi iliyoyeyushwa katika maji na gliserini. Gliserini ndiyo inayokizuia kibati kisikauke, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa. Wino huu haukauki kwa kutoa mvuke. Hukauka kwa kunywewa na karatasi. Kwa hiyo hufaa sana kwenye karatasi ya kawaida isiyong'aa, nao husomeka papo hapo. Kasoro yake ni mbili: maji huuyeyusha tena hata baada ya miaka, na jua huufifisha.

Wino wa pili ni wa chembe. Humo rangi haikuyeyuka, bali ni unga laini sana ulioelea katika kimiminika, na unapopigwa hubaki juu ya karatasi badala ya kuzama ndani. Rangi yake ni nzito na nzuri zaidi, haififii upesi kwa jua, na ukishakauka vizuri hustahimili maji kuliko ule wa kwanza. Lakini hukauka polepole, na juu ya karatasi inayong'aa waweza kubaki mbichi siku nyingi. Huu ndio wino wa watengenezaji wa kadi na wa hati zitakazowekwa muda mrefu, kwa sharti kwamba mwenye kazi hana haraka.

Upo pia wino wa spiriti, ambao hukauka upesi kwa kutoa mvuke, nao ndio pekee unaoshika juu ya plastiki, kioo na bati. Kibati chake kikiachwa wazi kwa muda mfupi tu hukauka. Mwisho ni wino wa mafuta, uliotengenezwa kwa mihuri ya chuma, kama vile mashine za kupigia namba. Huu usikaribie mpira. Mafuta huuvimbisha mpira, na herufi ambazo zilikuwa na kingo kali huwa na midomo minene kama maandazi. Hapo hakuna wino wala ustadi wa karani utakaouponya muhuri. Ni wa kuchongwa upya.

Mwambao wa Tanganyika una desturi zake za hewa ambazo mtengenezaji wa wino wa Ulaya hakuzifikiria. Ziwa liko kiasi cha meta 770 juu ya bahari, chini kabisa ya milima inayoanguka kuelekea Rumonge, na joto lake ni tofauti kabisa na baridi ya Bururi au Mwaro. Miezi ya mvua, karatasi iliyokaa mezani usiku kucha huwa laini kama kitambaa. Muhuri ukipigwa juu yake kwa kibati kilichojaa, wino hutambaa kufuata nyuzi za karatasi, na herufi E inageuka kuwa tofali. Kiangazi, kuanzia Juni, mambo hugeuka: karatasi ni kavu, kibati kilichosahauliwa wazi wakati wa chakula cha mchana hufanya utando juu, na muhuri unatoka na mabaka meupe. Karani mwenye busara hukitia wino kibati chake kwa uhaba wakati wa mvua na kwa ukarimu kidogo wakati wa kiangazi. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo. Ni mazoea ya mahali.

Kisha kuna mawese. Rumonge ni nchi ya michikichi, na watu wake wengi wameyashika mafuta hayo kabla ya kushika kalamu. Kidole chenye mafuta kikigusa karatasi huacha alama isiyoonekana, na wino wa maji hauingii hapo kamwe. Muhuri hutoka mzima upande mmoja na kukatika upande wa pili, na lawama humwangukia aliyeugonga. Hali kadhalika kwa anayetoka kupokea ndagala mwaloni. Mwananchi anayepeleka karatasi yake kugongwa muhuri na aibebe ndani ya bahasha au kati ya kurasa za daftari, na aishike pembeni. Askari wa zamu anayekula mezani pake, na wako, ajue kwamba mafuta ya mukeke wa kukaanga ni adui wa hati kuliko hata chai.

Hata hivyo adui mkubwa ni ziwa lenyewe. Mwaka 2021, na kwa nguvu zaidi mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za mwambaoni, kuanzia Gatumba upande wa kaskazini hadi Rumonge, na mwaka 2024 yalifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Watu waliondoka na magodoro, masufuria na watoto. Tuchukue bahasha ya hati iliyokaa katika sanduku la chini kitandani siku moja tu ndani ya maji hayo. Maandishi ya kalamu ya risasi yatasalia. Chapa ya mashine ya uchapaji itasalia. Kalamu ya wino mzito itasalia kwa sehemu kubwa. Muhuri wa wino wa maji utakuwa umekwenda, au utakuwa wingu la zambarau lililoenea ukurasa mzima na kuhamia ukurasa wa jirani. Yaani kile kilichoifanya karatasi iaminike ndicho cha kwanza kuondoka.

Kwa sababu hiyo ofisi inayotoa hati za kudumu, kama za kuzaliwa, za ndoa na za ardhi, ingefanya vyema kununua wino wa chembe kwa kazi hizo, hata kama ni ghali zaidi, na kuuacha wino wa kawaida kwa barua za kila siku. Neno hili lina uzito wa pekee Rumonge, ambako waliokimbia mwaka 1972 waliporudi kutoka Tanzania baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mashamba mengi yaligombewa na kila upande ulitafuta karatasi ya kuonyesha. Nyumbani nako, familia haiwezi kuchagua wino wa tarafa, lakini inaweza kuchagua mahali pa kuweka hati: katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya kabati, kila karatasi ikitengwa na mwenzake kwa karatasi kavu. Zisiwekwe mfukoni siku ile ile zilipogongwa. Ziachwe kwanza zikauke wazi usiku mmoja. Hati iliyolowa isianikwe juani wala kusuguliwa. Ilazwe kivulini juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, na isikunjwe mpaka ikauke kabisa.

Anayenunua kibati asione haya kukijaribu dukani. Afungue kifuniko. Kitambaa kiwe na rangi moja kote. Kikiwa na pembe zilizopauka au utando unaong'aa katikati, kimekaa sana ghalani. Akibonyeze kwa upole kwa kipande cha karatasi: karatasi itoke na rangi sawia, si dimbwi. Kifuniko kifunge kwa kubana, kwa sababu kifuniko kilegevu katika joto la Rumonge ni sawa na kutokuwa nacho. Asome pia maandishi ya pembeni, maana viwanda vingi hueleza kama wino unafaa mpira, chuma au plastiki. Na akinunua kibati, anunue na chupa ya wino wake wa kuongezea, wa aina ile ile. Wino wa aina mbili ukichanganywa katika kitambaa kimoja waweza kuganda ukawa uji.

Nyumbani yako majaribio mawili yasiyogharimu kitu. Piga muhuri juu ya karatasi, ungoje siku moja, kisha dondosha tone la maji juu yake na uguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitasema ni wino gani. Piga mwingine, funika nusu yake kwa kipande cha kadibodi, na ubandike dirishani panapopigwa na jua. Baada ya wiki mbili ondoa kadibodi ulinganishe nusu na nusu.

Kuhusu kuupiga muhuri wenyewe, wako makarani wanaoupiga kama wanatwanga mihogo. Kishindo kinasikika mpaka barazani, na pengine kinampa mwananchi imani kwamba serikali imefanya kazi, lakini herufi hufurika. Mpira ni laini, haudai nguvu. Muhuri uguswe juu ya kibati mara mbili kwa wepesi, si kukandamizwa, kwani ukikandamizwa wino huingia katika mabonde ya herufi na kuzijaza. Chini ya karatasi pawe na gazeti lililokunjwa mara chache, ili pasiwe pagumu mno. Muhuri ushuke wima, ukae kidogo, uinuliwe wima. Usitikiswe kushoto na kulia. Hapo ndipo duara hupata kivuli cha pili. Kama muhuri ni mkubwa kuliko kibati, basi ugeuzwe uso juu, na kibati ndicho kiuguse muhuri.

Mihuri inayojipaka wino yenyewe, kama ile inayotengenezwa na makampuni ya Austria, Trodat na Colop, imepunguza makosa hayo, kwa kuwa kibati kimefichwa ndani na kila mbonyezo ni sawa na mwingine. Lakini nayo huchoka, na wino wake hauongezwi kwa kubahatisha.

Picha iliyobandikwa kwenye kitambulisho au cheti ni mtego. Muhuri hutakiwa kulala nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, ili picha isibadilishwe. Uso wa picha hung'aa, haunywi wino, na muhuri unaobaki mbichi juu yake hufutika kwa dole la kwanza linalopita. Hapo wino wa spiriti ndio wenye kufaa. Usipopatikana, kipigwe cha kawaida kwa wino mchache sana, na kitambulisho kiachwe wazi mpaka kikauke kabla ya kufunikwa kwa plastiki. Askari wa kizuizini anayekagua karangamuntu akumbuke jambo hili pia: muhuri uliopanguka juu ya picha si ushahidi wa hila peke yake. Mara nyingi ni ushahidi wa haraka ya mtu fulani ofisini.

Kibati hicho hicho hutumika kwa dole gumba la asiyejua kuandika, na hapa polisi watapendezwa na kisa kimoja. Mwaka 1858, ofisa Mwingereza William Herschel, aliyekuwa akifanya kazi Bengal nchini India, alimtaka mkandarasi mmoja wa kokoto za barabara, Rajyadhar Konai, aweke alama ya kiganja chake nyuma ya mkataba. Wino aliompaka ulikuwa ule ule wa mafuta alioutumia kwa muhuri wake wa kazi. Kutokana na majaribio ya namna hiyo Herschel aliendelea kuchunguza vidole kwa miaka mingi, na uchunguzi wake ukawa miongoni mwa misingi ya ukaguzi wa alama za vidole unaotumiwa na polisi leo. Kosa la kawaida katika dole gumba ni wino mwingi. Mistari ya kidole ni vilima na mabonde, na wino ukiyajaza mabonde, kinachobaki ni yai jeusi lisilo na mwenyewe. Kidole kioshwe, kikaushwe, kiguse kibati kidogo tu, kisha kizungushwe mara moja juu ya karatasi kutoka ukucha mmoja upande hadi upande wa pili. Kisirudishwe nyuma. Kwa wavuvi na wakulima ambao ngozi ya vidole imelika kwa kamba na jembe, ijaribiwe kwanza kwenye karatasi ya pembeni.

Kibati kikianza kupauka kisitiwe maji, jambo ambalo hufanyika sana. Maji hupunguza rangi na kuleta ukungu. Kitiwe matone machache ya wino wake, yatawanywe kwa ubapa wa kijiti, kifungwe, kiachwe saa kadhaa ili wino ushuke na kusambaa. Kibati cha sponji chenye wino wa chembe huwekwa kichwa chini, uso wa wino ukitazama meza, ili wino usizame. Muhuri nao husafishwa kwa maji, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, kisha hukaushwa kwa kitambaa. Petroli na mafuta ya taa visitumike. Hufanya mpira uvimbe kama ule wino wa mafuta uliotajwa. Usianikwe juani. Na baada ya kazi, muhuri na kibati vifungiwe, kwani muhuri ulioachwa juu ya meza ni sahihi ya mkuu iliyoachwa wazi.

Miaka ya karibuni imeleta kazi nyingi kwa wachonga mihuri wa Burundi. Rumonge, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Bururi, ilifanywa mkoa mwaka 2015. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5 na tarafa 119 zikawa 42, na Rumonge ikawa tarafa ya mkoa wa Burunga. Fikiria mihuri yote iliyopaswa kubadilishwa. Kwa hiyo katika nyumba moja mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 ana hati yenye jina la Bururi, mdogo wake wa mwaka 2018 ana yenye jina la mkoa wa Rumonge, na kitinda mimba anayeandikishwa leo atapata ya Burunga, ilhali wote walizaliwa katika kitongoji kimoja. Karani wa mbali akishangaa, mzazi amweleze kwa utulivu kwa kutaja miaka hiyo. Mzazi asiitupe hati ya zamani kwa kudhani kwamba mpya imeifuta.

Tukitoka ofisini, kibati cha wino kina kazi ya furaha pia. Siku za Idi, za harusi na za mwaka mpya, kadi huenda Bujumbura, huvuka ziwa kwenda Baraka na Uvira, hufika Kigoma kwa ndugu. Kadi za dukani zina picha za theluji, ambayo mtoto wa Rumonge hajapata kuiona. Mama na watoto wanaweza kutengeneza za kwao kwa jioni mbili. Ufutio wa shule huchongwa kwa wembe ukawa samaki au mtumbwi. Soli ya kandambili iliyokwisha hutoa muhuri mkubwa na laini. Bamia iliyokatwa kwa upana huacha nyota au ua bila kuchongwa, na kongo la jani la mgomba huacha mfano wa wavu. Kiazi na muhogo navyo hufaa, lakini vikaushwe uso kwa kitambaa kwanza, kwa sababu maji yake huuharibu wino, tena haviishi zaidi ya siku moja. Wembe ushikwe na mtu mzima. Kama kuna maandishi, yachongwe kinyume, na njia rahisi ni kuandika neno kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi laini, kuilaza uso chini juu ya ufutio na kuisugua kwa ukucha. Neno huhamia likiwa tayari limegeuka.

Asiye na kibati cha rangi nyingi ajitengenezee: kifuniko cha kopo, kipande cha blanketi la sufu au sponji safi ya kuogea, na rangi ya chakula iliyochanganywa na matone ya gliserini kutoka duka la dawa. Wino huo ni wa maji, kwa hiyo kadi isipelekwe mtumbwini bila mfuko. Rangi nyepesi hupigwa kwanza, nzito baadaye: manjano, kisha nyekundu, kisha buluu. Karatasi iwe ngumu na isiyong'aa, na ikunjwe kabla ya kupigwa, si baada, kwa kuwa wino wa chembe hupasuka kwenye mkunjo. Jambo moja halichezewi: watoto wasichonge nembo ya taifa wala mfano wa muhuri wa ofisi yoyote, hata kwa mzaha. Sheria ya jinai huadhibu kughushi mihuri ya serikali, na askari ambaye mwanawe amekamatwa na kashe ya kiazi ana maelezo mengi ya kutoa kambini.

Kazi ikiisha, aghalabu kuna doa mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye gwanda. Wino wa maji hutoka ukiwahiwa: lowesha kwa maji baridi, weka kitambaa kikavu chini ya doa, na ugonge-gonge kwa pamba yenye spiriti ya hospitali kutoka upande wa nyuma wa nguo, ukibadilisha kitambaa cha chini kila kinaposhika rangi, kisha fua kwa sabuni. Jaribu kwanza spiriti kwenye pindo la ndani, kwani baadhi ya rangi za nguo huondoka nayo. Doa lisisuguliwe, maana kusugua hulitawanya, na nguo isipigwe pasi kabla rangi haijatoka yote.